Jinsi ya kutunza na kukopi mafaili ya Akai MPC2000XL bila majina kukatika (mwongozo kamili)

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa wale wenye Akai MPC2000XL, mashine ya kutengenezea biti, ile ya pedi 16 na kiskrini kinachonyanyuka, au wanaotaka kununua iliyotumika. Kugonga biti sifundishi, hapo kila mtu na mkono wake. Naongelea mafaili, maana ndo swali ninaloulizwa sana hapa Kigoma na kwa jamaa zangu wa Tabora: nasevu vipi, nakopi vipi, na kwa nini nikihamishia laptopu afu nikirudisha mashine inasema haiyaoni. Nitaenda hatua kwa hatua, kuna sehemu nitakaa sana na kuna sehemu nitapita tu.

KITU KINAKAA WAPI

Mashine hii haikumbuki kitu. Kila sampo (kipande cha sauti ulichorekodi), kila program, kila sequence (mpangilio wa biti) uliyogonga inakaa kwenye memori ya muda, ukizima au umeme ukikatika imeenda, hakuna cha kurudisha wala cha kutafuta kwenye takataka. Ilitoka kiwandani na memori ya MB 2, ikaweza kuongezwa mpaka MB 32. Kwahiyo ukiona mtu anauza, muulize kwanza ina MB ngapi, usisubiri ufike nyumbani.

Hesabu yake ni nyepesi. Inarekodi kwa 44.1 kHz na biti 16, yani sekunde moja ya mono inakula baiti 88,200, stirio mara mbili yake. MB 2 inakupa kama sekunde 23 za mono, MB 32 inakupa dakika 6 na sekunde 20. Na flopi ya MB 1.44 (ile diski bapa ya zamani inayoingia mbele ya mashine) inabeba kama sekunde 16 tu za mono au 8 za stirio. Ishike hiyo namba ya flopi kichwani, itakuepusha na mambo mengi. Bezi, kiki, sneya, ngoma, vyote rekodi mono. Stirio iachie vitu vinavyohitaji kweli, mfano sauti ya soko au mawimbi ya ziwa pale Bangwe.

Sasa aina za mafaili. Faili la .SND ni sampo moja. Faili la .PGM ni program, yani orodha ya pedi gani inapiga sampo gani pamoja na setingi zake, sauti yenyewe haimo humo. Faili la .APS ni program zote zilizoko kwenye memori kwa pamoja, nayo haina sauti ndani, inayaita mafaili ya .SND kwa majina. Faili la .ALL ni sequence zote na nyimbo zote. Ukisevu sequence moja peke yake XL inaitoa kama .MID. Na XL inasoma .WAV pia, hiyo ndo raha yake kuliko mashine nyingi za zamani.

Rudia kusoma hapo kwenye .PGM na .APS: yanaita sampo KWA MAJINA. Matatizo karibu yote ya kukopi yanatokea hapo.

UMEME KABLA YA YOTE

Angalia kibandiko nyuma ya mashine. Zilizotoka Japani nyingi ni volti 100, za Marekani ni 120, sisi soketi zetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja utanusa harufu. Tafuta tansfoma ya kushusha umeme inayolingana na volti ya kibandiko, tena ile nzito yenye koili, vile viadapta vyepesi vya kubadilisha umbo la plagi havishushi umeme hata kidogo. Juu ya hapo weka UPS ndogo, hata ya kompyuta ya zamani yenye betri inayoshika dakika 5 tu inatosha, maana dakika 5 ndo unazohitaji kusevu. Huku kwetu mvua ikianza kunyesha na radi zake usikae na biti lisilosevuwa, na dhoruba ikiwa inakuja kutoka upande wa Congo chomoa kabisa ukanywe chai.

KUFOMATI NA KUSEVU

Flopi za kutumia ni za HD, zina matundu mawili juu, moja kila kona. Yenye tundu moja ni DD, inabeba nusu. Tundu lenye kile kiswichi cha plastiki ndo kufuli: tundu likiwa wazi diski imefungwa, haiandikiki. Kwenye kusevu liwe limezibwa, kwenye kukopi kwenda kompyuta liwe wazi. Fanya hivi bila kufikiria, iwe mazoea, maana kompyuta zina kidomodomo, Mac hasa, ukiingiza diski tu inaanza kuandika vijifaili vyake vya siri.

Bonyeza SHIFT na 3, unaingia ukurasa wa diski. Chini ya skrini kuna maneno, na chini ya kila neno kuna kitufe chake cha F. Bonyeza kilicho chini ya FORMAT, hakikisha Device inasema FLOPPY sio SCSI (ile njia ya kuunganisha diski za nje), afu DO IT. Fomati kwenye mashine yenyewe, usifomati kwenye laptopu hata kama inakubali. Flopi ikifeli kufomati mara ya kwanza jaribu tena, ikifeli ya pili itupe, usiihurumie. Flopi za leo zote ni za zamani, hata uliyoinunua ikiwa kwenye nailoni yake imekaa stoo miaka.

Kusevu: kitufe cha SAVE, kwenye Type zungusha gurudumu uchague. Hapa ndo watu wengi wanaliwa. Mtu anachagua kusevu program zote na sauti, anaona imemaliza, anazima. Kesho anafungua, sampo zote zipo, pedi zinalia, biti hamna. Kwa sababu ile ni .APS na biti linakaa kwenye .ALL. Kwahiyo mradi mmoja unausevu MARA MBILI: .APS na sauti zake, afu .ALL. Ukisevu program moja moja itakuuliza kama unataka program peke yake, na sauti, au na sauti za WAV. Chagua na sauti. Kuna na swali la kama ibadilishe sauti zenye majina yaleyale ambazo tayari zipo kwenye diski. Kama umeikata sampo upya au umeishusha sauti jibu YES, la sivyo diski inabaki na ile ya zamani na wewe unadhani umesevu.

Kama mradi wako umezidi flopi moja, usiilazimishe. Gawa program: ngoma zake diski moja, sauti za watu na magitaa diski nyingine, sequence zake za .ALL ziweke kwenye diski ya kwanza. Andika namba kwa kalamu kwenye lebo, 1/3, 2/3, 3/3. Penseli inaacha vumbi, tumia maka.

Kufuta, kubadili jina, kutengeneza folda: nenda LOAD, weka kasa (ile alama ya kuchagulia kwenye skrini) kwenye File, bonyeza OPEN WINDOW. Linafunguka dirisha la directory, yani orodha ya mafaili ya diski, humo kuna DELETE, RENAME na NEW. Kitu ambacho hamna humo ni COPY. MPC2000XL haikopi faili toka diski hii kwenda diski ile. Ukitaka kukopi kwa mashine yenyewe lazima u-load kwenye memori, utoe diski, uweke nyingine, usevu. Inafanya kazi, na kwa program moja mbili ndo njia rahisi kuliko zote, wala huhitaji kompyuta. Wakati wa ku-load itakuuliza kama ifute vilivyomo kwenye memori au iongeze juu yake. Kwa kukopi chagua kufuta, ili usije ukabeba sampo za mradi mwingine bila kujua, mashine ina nafasi ya sauti 256 na program 24 tu.

MAJINA: HAPA NDO PENYEWE

MPC inakuruhusu jina la herufi 16. Lakini diski yake ni ya mtindo wa DOS, FAT, ambapo jina ni herufi 8, nukta, na tatu za mwisho. Akai wakafanya ujanja: herufi 8 za kwanza wanaziweka mahali pake pa kawaida, na 8 zilizobaki wanazificha kwenye baiti za akiba ndani ya mstari uleule wa directory, baiti ambazo kompyuta haizisomi kama jina. Mashine inaona jina lote. Laptopu inaona nusu.

Tuseme umerekodi ngoma Ujiji, una sampo mbili: NGOMA_UJIJI_KUBWA na NGOMA_UJIJI_NDOGO. (Zote mbili zina herufi 17, mashine itakukatia hapohapo, ziwe NGOMA_UJIJI_KUBW na NGOMA_UJIJI_NDOG.) Kwenye MPC zinaonekana vizuri. Chomeka flopi kwenye laptopu, unaona NGOMA_UJ.SND na NGOMA_UJ.SND. Kokota zote kwenye folda: laptopu inauliza "kuna faili lenye jina hili, ubadilishe?" Ukijibu ndio umeua ngoma moja. Ukijibu zibaki zote mbili inatunga jina lake la ajabu. Afu unazirudisha kwenye flopi mpya, unaweka kwenye MPC, una-load program, program inaita NGOMA_UJIJI_KUBW, mashine inatafuta, inakuta NGOMA_UJ, inakwambia haipati faili.

Kuna dogo mmoja wa Gungu aliniuliza, "Kaka mbona program yangu inafunguka ila pedi zinapiga hewa?" Nikamuuliza mdogo wangu ulikopi kwa kukokota? "Ndio kaka, si ndo kukopi?" Kwenye picha na miziki ya simu ndio, huku hapana.

Kwahiyo sheria mbili, na hizi ndo nilizokaa kuandika uzi mrefu wote huu:

Moja, majina yasizidi herufi 8, herufi kubwa, namba na ile mistari ya chini, bila nafasi. NGUJ_KUB, NGUJ_NDO, BOTI_01, TRENI_A. Hayapendezi, najua, ila yanasafiri. Sampo mpya unaporekodi mashine inakupa jina lake la kawaida, libadilishe palepale kabla hujaipangia pedi.

Mbili, mafaili ya zamani yenye majina marefu usiyakopi moja moja. KOPI DISKI NZIMA kama imeji, yani faili moja lililobeba diski yote baiti kwa baiti, pamoja na zile baiti za akiba. Hapo jina refu linakuja lote, kwa sababu hakuna anayelisoma wala kulitafsiri, linabebwa kama lilivyo.

Kama tayari umeshakokota na diski ya asili haipo, hujafa. Mafaili ya .SND yana jina lake la herufi 16 ndani pia, mwanzoni kabisa mwa faili. Lifungue kwa programu yoyote ya heksa (inayoonyesha baiti za faili zilivyo), utaliona limeandikwa kwa herufi za kawaida baada ya baiti mbili za kwanza. Andika kwenye karatasi, rudi kwenye MPC, OPEN WINDOW, RENAME, irudishie jina lake lote, afu u-load program upya. Ni kazi ya mchana mzima kwa diski moja iliyojaa, ila sampo zinarudi kwenye pedi zake.

KUKOPI DISKI NZIMA KWENYE KOMPYUTA

Unahitaji draivu ya flopi ya USB, zile nyembamba nyeusi. Kwa diski za MPC2000XL za 1.44 inatosha kabisa. Ila uelewe mipaka yake: diski za Akai S950 na S1000 zimefomatiwa kwa mtindo wao wenyewe na draivu ya USB haiziwezi hata kidogo, hizo zinataka kifaa kama Greaseweazle na draivu ya ndani ya kompyuta ya zamani.

Fungua tundu la kufuli kwanza. Nimeshasema, narudia.

Kwa Linux, chomeka, andika lsblk, tafuta kitu chenye ukubwa wa 1.4M. Tuseme ni sdb. Afu:

sudo dd if=/dev/sdb of=ujiji01.img bs=512

Hiyo if ni unakotoa, of ni unakopeleka. Ukizigeuza unaandika juu ya diski yako, na hapo ndo unaona faida ya tundu kuwa wazi. Na hakikisha mara mbili sdb sio hard disk ya nje yenye kazi za watu. Ikiisha faili liwe na baiti 1,474,560 kamili. Likipungua diski ina sehemu mbovu, soma chini.

Kwa Mac ni ileile dd, ila kwanza diskutil list uone namba yake, afu diskutil unmountDisk, ndo unaendelea. Kwa Windows tumia WinImage, chagua kusoma diski, sevu kama .IMA au .IMG, vyote ni kitu kimoja kwa diski ya aina hii. Windows ikikwambia diski ina tatizo, ikusaidie kuirekebisha, kataa. Haina tatizo, ina Akai. Ukiiruhusu "irekebishe" inaweza kusafisha vitu isivyovielewa.

Ukimaliza piga md5sum ya faili (namba inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili), soma diski mara ya pili kwa jina lingine, piga md5sum tena. Namba zikifanana umesoma sawa. Zikitofautiana draivu au diski inayumba, na imeji ya kwanza isiaminike.

Diski inayokwaruza. Mara nyingi huku kando ya ziwa ni unyevu, ukisogeza kile kifuniko cha chuma ukaiangalia kwenye mwanga unaona vidoti vyeupe vya kuvu. Usiiweke kwenye mashine hiyo, kuvu inabaki kwenye kichwa cha kusomea na inachuna diski inayofuata. Spiriti safi ya asilimia 99 (ile ya duka la dawa ya 70 ina maji mengi) na pamba ya masikio, pole pole, zungusha kitovu cha chuma nyuma kwa kidole huku unafuta, geuza upande wa pili, iache ikauke kabisa. Afu badala ya dd tumia ddrescue:

sudo ddrescue -b512 -r3 /dev/sdb mbovu.img mbovu.map

Yenyewe inachukua kwanza vilivyo vizima, afu inarudi kwenye vibovu mara tatu. Uzuri wa hilo faili la map ni kwamba unaweza kutoa diski, ukaisafisha tena, au ukajaribu draivu nyingine, ukaendelea ilipoishia. Sampo ikipoteza vipande vichache utasikia mlio mdogo wa "tik", kwenye ngoma hakuna atakayejua. Kikipotea kipande cha directory ndo balaa, kwahiyo diski zenye kazi kubwa zisome sahivi zikiwa bado nzima.

Utunzaji: weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tupia ndani vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye boksi za viatu vipya. Usiziweke juu ya spika. Wa Tabora nyie adui wenu ni vumbi, fungeni hilo kontena hata wakati mnafanya kazi, na ule mdomo wa flopi kwenye mashine uwe na kitambaa kama haitumiki.

KULETA WAV KUTOKA SIMU

Wengi wetu tunarekodi kwa simu: injini za maboti Kibirizi, honi ya treni pale stesheni, wamama wanaoimba kanisani. Simu inatoa m4a, mashine haiijui. Igeuze:

ffmpeg -i kibirizi.m4a -ac 1 -ar 44100 -c:a pcm_s16le -map_metadata -1 -bitexact BOTI_01.WAV

Hizo mbili za karibu na mwisho zinazuia isiongeze maandishi ya ziada kichwani mwa faili, mashine za zamani zinapenda faili kavu. Kama hupendi kuandika, Audacity inafanya vilevile, toa kama WAV ya biti 16, mono, 44100. Biti 24 itakataa.

Kata ukimya wa mwanzo na mwisho kwenye laptopu kabla hujaweka, ukikumbuka zile sekunde 16. Na hizi WAV zipeleke kwenye diski YAKE, iliyofomatiwa na MPC, isiyo na kazi nyingine. Jina likizidi 8 au likiwa na herufi ndogo Windows inaandika mistari yake ya ziada kwenye directory na kwenye skrini ya MPC unaweza kuona takataka. Uki-load kwenye MPC isevu kama .SND kwenye diski ya mradi, basi.

KUACHANA NA FLOPI: GOTEK

Huu ndo ushauri wangu kwa yeyote anayetumia hii mashine kila wiki. Gotek ni kiboksi chenye umbo la draivu ya flopi, mbele kina tundu la USB, unachomeka flashi na mashine inadhani ni flopi. Kila faili la .img kwenye flashi ni flopi moja. Flashi ya GB 4 inabeba zaidi ya unavyoweza kujaza.

Gotek ya dukani inakuja na programu yake ya kiwandani, ibadilishe uweke FlashFloppy, ni ya bure, inawekwa kwa waya wa USB wa dume kwa dume na maelekezo yake yapo wazi. Flashi fomati FAT32. Kutengeneza flopi tupu:

dd if=/dev/zero of=DSKA0000.img bs=512 count=2880

Kwa Windows ni fsutil file createnew DSKA0000.img 1474560. Tengeneza kama 20, DSKA0000, DSKA0001 na kuendelea, kama utaweka FlashFloppy kwenye mtindo wa namba. Ukiuacha mtindo wake wa kawaida unaweza kuyaita jina lolote, na kama umeweka kiskrini kidogo cha OLED utayasoma. Kila moja ukiifungua mara ya kwanza ifomati kwenye MPC.

Na zile imeji ulizozitoa kwenye flopi za zamani? Zikopi kwenye flashi kama zilivyo, kwa kukokota tu, hapa kukokota ni ruksa kwa sababu unakokota diski nzima. Ukiichagua kwenye Gotek, MPC inaona majina yote 16, hata lile la NGOMA_UJIJI_KUBW. Bekapu nayo inakuwa rahisi, unakopi flashi nzima kwenye laptopu mwisho wa wiki.

Kuifunga: chomoa umeme, subiri, fungua chini. Piga picha ya nyaya kabla hujachomoa chochote. Kuna waya bapa mpana wa pini 34 na wa umeme wa pini 4, waya bapa una mstari mwekundu upande mmoja, huo ni pini ya kwanza, ukiugeuza taa inawaka muda wote na hakuna kitakachosomeka, ila haiungui, geuza tu. Ndani kuna pawasaplai yenye umeme mkubwa, usiguse upande ule, na kama hujawahi kufungua kitu mpe fundi wa redio unayemwamini ukae pembeni yake.

SCSI KWA UFUPI

Nyuma kuna pote la SCSI. Zamani watu walitumia diski za Zip za MB 100, leo watu wanaweka BlueSCSI, ZuluSCSI au SCSI2SD na memori kadi. Raha yake ni sampo ndefu ambazo flopi haziwezi. Mambo matatu tu: namba ya ID ya kifaa isigongane na ya MPC, kusiwe na kuchomeka wala kuchomoa waya mashine ikiwa imewaka, na ukubwa usizidi GB 2 kwa sababu FAT16, mtindo wa diski yake, inaishia hapo, mi ningekwenda chini zaidi ya hapo. Fomati kwenye MPC. Majina ya herufi 16 yanafichwa vilevile, kwahiyo sheria ni ileile, bekapu ya kadi nzima kwa dd, usikokote.

KUMTUMIA MTU TABORA (AU POPOTE)

Kutuma flopi yenyewe kwa basi au treni bado kunafanya kazi, ifunge kati ya makaratasi magumu mawili na isilale juu ya mzigo wenye spika. Ila imeji ya MB 1.4 ni ndogo kuliko picha moja ya simu, kwanini uhangaike. Izip kwanza, itume WhatsApp kama DOKUMENTI, pamoja na ile namba ya md5sum kwenye meseji. Mwambie mwenzako aizipue, apige md5sum yake, afananishe. Zikifanana ana diski yako vilevile ilivyo. Akiwa na Gotek anaitupia kwenye flashi. Akiwa na flopi tu, anaiandika kwa dd hiyohiyo kwa kugeuza if na of, tundu likiwa limezibwa.

Na umwambie kabisa mashine yako ina MB ngapi. Ukimtumia mradi wa diski tatu wenye MB 4 na yeye ana MB 2 za kiwandani, itajaa katikati ya ku-load na atakupigia akidhani imeji ni mbovu. Hapo inabidi umgawie program moja moja, au akatafute SIMM (vipande vya memori) za pini 72 kwenye kompyuta zilizokufa, zile za miaka ya tisini, kwa mafundi wanaonunua mabodi ya zamani huwa hazikosekani.